Hivi wale wa ndege za mabomu vita ya pili walijitolea kweli, au kuna kitu hawakuambiwa?

Shifti ya Usiku:

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada wa ubishi. Jana kazini tulikuwa tunaongelea vita ya pili ya dunia, sijui hata ilianzia wapi, mwenzetu mmoja akasema katika jeshi lote la Uingereza waliokula bata ni jeshi la anga. Hoja yake eti askari wa miguu analala kwenye tope wiki tatu hajavua buti, wakati mwenzake wa ndege analala kitandani kwenye shuka, jioni anapanda ndege anaenda kudondosha mabomu Ujerumani, alfajiri amerudi anakunywa chai. Akamalizia "hiyo ni kazi ya ofisini yenye mabawa". Tukacheka wote ila mimi roho haikutulia.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kuchimba na nilichokuta kimenitoa usingizi. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipitisha watu kama 125,000 waliokuwa wanaruka, na waliokufa ni 55,573. Yaani unachukua vijana kumi unawapanga mstari, wanne na zaidi wanaenda na hawarudi. Na wengi walikuwa na miaka 20, 21, 22.

Sasa kilichonichanganya zaidi ni kwamba WOTE walijitolea. Uingereza kwenda jeshini ilikuwa lazima tangu siku vita inatangazwa Septemba 1939, lakini kupanda ndege haikuwa lazima, hakuna aliyeamrishwa, ulikuwa unaomba mwenyewe. Maswali yangu mawili. Kwanza, ungekuwa kijana wa miaka 18 au 19 kule mwaka 1942, unajua barua ya kuitwa inakuja, ungeenda wapi? Pili, hawa walijitolea wakijua au walidanganywa? Wajuvi wa mambo ya kijeshi mje, na yule mwenzangu nitamtumia linki kwa hiyo msiniangushe.

Kichwa Ngumu:

Swali la kwanza jepesi. Ningeomba kuwa mpishi.

Mzee wa Hesabu:

Mkuu Shifti, mwambie mwenzako hesabu ifuatayo maana watu wengi wanaikosea.

Awamu moja ilikuwa misheni 30. Ukimaliza 30 unapumzishwa, unapelekwa kufundisha wengine kama miezi sita hivi, halafu unaweza kuitwa awamu ya pili ya misheni 20. Sasa chukua vita nzima kwa ujumla wake, kila ndege 100 zinazotoka zilikuwa hazirudi kama mbili na kidogo. Mtu anasikia asilimia mbili anasema aah mbona ndogo, hata bodaboda ni hatari kuliko hiyo. Shida ni kwamba hiyo asilimia unaikuta kila usiku, mara 30. Ukizidisha vizuri, nafasi ya kumaliza awamu inabaki kama nusu. Nusu nyingine ndo hao waliokufa wa kwenye namba yako, pamoja na waliotekwa.

Hapo ni wastani. Kipindi kibaya kama ile baridi ya mwishoni mwa 1943 kuingia 1944 walipokuwa wanaipiga Berlin, usiku mwingine hasara ilipita asilimia 5. Kwa asilimia 5, kati ya watu 100 wanaoanza awamu wanamaliza 21. Ishirini na moja! Na kilele cha balaa ni usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 1944, walituma ndege 795 mji wa Nuremberg, Ujerumani, hazikurudi 95. Mbalamwezi ilikuwa inawaka na ndege zinaacha mvuke mweupe nyuma kama chaki ubaoni, Wajerumani wakawa wanazifuata tu. Walikufa zaidi ya watu 500 kwa usiku ule mmoja. Watu wa ndege ndogo za kivita waliokufa kwenye ile vita maarufu ya anga ya kuilinda Uingereza 1940, miezi mitatu na nusu nzima, ni 544. Linganisha mwenyewe, halafu angalia ni wepi wanaosifiwa kila mwaka.

Tairi Bovu:

Mzee wa Hesabu kwa hiyo kama hasara ni asilimia 4, mara misheni 25 inakuwa 100, ina maana ukifika misheni ya 25 ushakufa kihesabu? Na wale waliofika 30 wametoka wapi?

Mzee wa Hesabu:

@Tairi Bovu hapana mdogo wangu, hazijumlishwi hivyo. Ni kama kurusha dado, usiku wa leo haukumbuki usiku wa jana. Unachukua waliobaki unatoa asilimia 4 ya hao waliobaki, sio ya walioanza. Ukifanya hivyo mara 30 wanabaki kama 29 kwa mia. Ila hujakosea peke yako, hata wao wenyewe kambini walikuwa wanapiga hesabu yako hiyo wanakosa usingizi.

Askari Mstaafu Mwenyewe:

Mimi napinga kidogo, na nimekaa jeshini kwa hiyo nisikilizwe. Mnaongelea waliokufa tu. Askari wa miguu hesabu yake haiishii kwenye kifo. Kwa kawaida ya vita ya nchi kavu akifa mmoja kuna watatu hivi wamejeruhiwa, na hao watatu kuna aliyekatwa mguu, kuna aliyepofuka, kuna aliyerudi mzima lakini mlango ukibamizwa anajificha chini ya meza mpaka anazeeka. Kombania ya askari wa miguu iliyotua Ufaransa Juni 1944, mpaka vita inaisha ukiangalia nyuso unakuta wengi si wale walioanza. Tena hawana awamu. Hakuna mtu anamwambia askari wa miguu umepigana mara 30 nenda nyumbani. Yeye anatoka kwa kufa, kwa kujeruhiwa au vita kuisha. Kwa hiyo huyo jamaa wa kazini hajakosea sana, kakosea lugha tu.

Na shuka ni shuka jamani. Nyie hamjalala kwenye handaki lenye maji.

Fundi wa Hanga:

Mzee @Askari Mstaafu Mwenyewe shikamoo, hoja yako ya majeruhi ni nzito lakini ukiigeuza ndo utaona ubaya wa zile ndege. Waliojeruhiwa wakarudi upande wa ndege za mabomu walikuwa kama 8,400. Waliokufa 55,000 na ushee. Yaani uwiano umepinduka, huku kwenu mmoja kafa watatu wamejeruhiwa, kule sita wamekufa mmoja kajeruhiwa. Hakuna machela juu angani. Ndege ikiwaka mnatoka au mnaenda nayo.

Na hapo kwenye kutoka ndipo mimi naomba niongee kidogo kwa sababu kazi yangu ni mabodi ya ndege, miaka mingi nimelala chali chini ya mabawa. Chukua Lancaster, ndo ilikuwa kipenzi chao, injini nne, watu saba. Mbele kabisa mlenga mabomu kalala kifudifudi, juu yake rubani, pembeni yake injinia wa ndege, nyuma ya pazia muongoza njia na ramani zake, kisha mtu wa redio, halafu mpiga bunduki wa juu mgongoni, na mwisho kabisa mkiani mpiga bunduki wa nyuma. Katikati ya hilo bomba limepita boriti kuu la mabawa, limekatiza ndani kabisa kama kizingiti kinachokufika juu ya mapaja. Hata ndege imepaki, mchana kweupe, umevaa kaptula, kulivuka inabidi upande kwa mikono na magoti. Sasa weka giza, moshi, ndege inajizungusha kama jani, na wewe umevaa suti ya manyoya, buti, jaketi la kuelea, mikanda ya parachuti. Unalivuka hilo?

Tundu la dharura liko sakafuni puani kwa mlenga mabomu. Upana wake sentimita 56. Chukua futi sasa hivi upime hapo ulipo, kisha funga mto kifuani ujaribu kujipenyeza. Ndege mwenzake, Halifax, tundu lake lilikuwa pana kidogo tu, inchi mbili. Kuna kijana wa hesabu aliyekuwa makao makuu ya hiyo kamandi, Freeman Dyson, baadaye akaja kuwa mwanafizikia mkubwa Marekani, akakaa na takwimu za ndege zilizotunguliwa akaangalia nani alitoka mzima. Ndege za Kimarekani zilizokuwa zinaruka mchana karibu nusu ya watu walitoka. Halifax robo. Lancaster asilimia 15. Mwenzake akahangaika kuwabembeleza wakubwa tundu lipanuliwe, ikachukua muda mrefu mno, vita ikaisha tundu ni lilelile.

Hicho ndo kitu kinaniuma mimi kama fundi. Bunduki unaweza kusema ni adui. Tundu la sentimita 56 ni la kwetu wenyewe mezani kwenye mchoro.

Tairi Bovu:

Inchi mbili tu zinafanya robo dhidi ya 15??

Fundi wa Hanga:

@Tairi Bovu sio upana peke yake, na lile boriti, na mpangilio mzima wa ndani. Halifax kulikuwa na nafasi zaidi ya kupita. Lakini ndiyo, inchi mbili unapokuwa na parachuti kifuani ni kitu kikubwa sana.

Na huyu wa mkiani ndo habari nyingine. Kakaa peke yake kwenye kibanda cha vioo, saa saba, saa nane, nyuzi arobaini chini ya sifuri, suti inapashwa joto kwa waya za umeme na ikikata waya vidole vinaganda. Wengine walikuwa wanaondoa kabisa kioo cha mbele yao ili waone giza vizuri, kwa hiyo ule upepo unaingia wote. Na kibanda ni kidogo hata parachuti haliingii. Linatundikwa nje ya kile kibanda ndani ya mwili wa ndege. Ukitaka kuruka unarudisha bunduki katikati, unafungua milango nyuma yako, unanyoosha mkono kulichukua, unalipachika kifuani, unazungusha kibanda tena ili milango iangalie nje, unaanguka kwa mgongo. Yote hayo huku ndege inawaka.

Mama Kijacho:

Kuna mmoja aliruka bila parachuti akapona, nilishasoma mahali.

Kichwa Ngumu:

Hiyo chai dada, tena ya rangi.

Fundi wa Hanga:

Sio chai, ni kweli kabisa. Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkiani, miaka 21, usiku wa tarehe 24 Machi 1944 wanatoka Berlin. Kafungua milango achukue parachuti lake kakuta linaungua. Akaona kuungua na kuanguka bora kuanguka, akajirusha kutoka mita kama 5,500. Akapiga matawi ya misonobari, chini theluji nene. Kaamka anaangalia nyota, mguu umeteguka tu. Wajerumani waliomkamata walisema kama wewe, chai, huyu ni jasusi kaficha parachuti. Wakaenda kwenye mabaki ya ndege wakakuta pale pale chuma cha parachuti lililoungua, na mikanda yake ikaonyesha haijawahi kupachikwa kitu. Wakamwamini.

Wenzake wanne kwenye ndege ile walikufa, hilo huwa halisimuliwi.

Binti wa Maktaba:

Naomba nijibu swali la pili maana naona mmekaa kwenye vyuma tu (Fundi nakuheshimu, nimesoma kila neno).

Walijitolea kwa kujua au walidanganywa? Kwanza mjiweke pale. Kijana wa 1942 baba yake au baba yake mdogo alikuwa kwenye mahandaki ya 1914 mpaka 1918. Kakua anasikia habari za tope, panya, gesi, watu kunasa kwenye seng'enge. Kwa hiyo akiambiwa chagua, anachokimbia anakijua kwa majina, anachokikimbilia hakijui. Ndege ilikuwa kitu kipya, kisafi, beji yenye bawa kifuani, na ukifuzu tu unaanzia cheo cha sajini, hamna mtu wa miguu anapata hivyo. Na ndiyo, shuka. Kabla ya kuruka walikuwa wanapewa yai la kukaanga wakati raia mtaani mayai yanatoka kwa mgawo. Vijana wenyewe walilifanyia utani, "nisiporudi naomba yai lako".

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Kuanzia Desemba 1943 Uingereza makaa ya mawe yalikuwa yanakata kwa sababu wachimbaji wameenda jeshini, serikali ikaanzisha bahati nasibu. Inachaguliwa tarakimu, kama namba yako ya usajili inaishia na hiyo tarakimu unapelekwa mgodini, upende usipende, hata kama ulishajiandaa kwenda jeshi la majini. Walienda migodini karibu vijana 48,000, wengine kwa hiyo droo, wengine kwa kuchagua mgodi wenyewe. Aliyekuwa ameshakubaliwa kuruka kwenye ndege hakuingizwa kwenye ile droo. Kwa hiyo na "kujitolea" kwenyewe mara nyingine kulikuwa ni kukwepa kitu kingine.

Lakini mimi naona swali la kweli sio walijitoleaje kuingia. Ni je, mtu angeweza kujitoa? Na jibu ni hapana. Ulikuwa unaingia kwa hiari, unatoka kwa aibu. Ukifika misheni ya nane ukasema jamani siwezi tena, mikono inatetemeka, silali, faili lako linapigwa herufi tatu, LMF (lack of moral fibre), kwa Kiswahili changu mimi ni "moyo wake haukukazwa". Unavuliwa beji, unashushwa cheo, wengine mbele za wenzao, unahamishwa kambi usiwaambukize wengine, unaenda kufanya kazi za kufagia na kwenye karatasi zako inabaki. Madaktari wenyewe walikuwa wanabishana, huyu ni mgonjwa au mwoga, na mara nyingi iliangalia umesharuka mara ngapi. Ukiwa umefikisha 20 wewe ni mgonjwa umechoka, ukiwa na mbili wewe ni mwoga. Walioandikwa hivyo hawakufika hata asilimia moja ya wote, na watu wanaitumia kusema mnaona walivyokuwa majasiri. Mimi nasema labda wengi walikuwa wanaogopa hizo herufi kuliko mizinga.

Na kuna cha tatu. Mlipokuwa mnafika hatua za mwisho za mafunzo, kwa kawaida hakuna afisa aliyewapanga. Wanawaingiza kwenye hanga kubwa, marubani, waongoza njia, wapiga bunduki, mamia ya watu, wanaambiwa haya, tafutaneni, mtoke mkiwa kruu. Kama vijana dansini. "Wewe unaonekana mtulivu, una muongoza njia?" Basi. Watano au sita mnaoana pale, injinia wa ndege anaongezwa baadaye mnakuwa saba. Kuanzia siku hiyo ukijitoa hauliachi jeshi, unawaacha hawa sita, wapewe mgeni wasiyemjua mkiani. Nadhani aliyebuni hii alijua anachofanya.

Shifti ya Usiku:

Dada Binti wa Maktaba hapo kwenye "unaingia kwa hiari unatoka kwa aibu" nimesimama kwa muda. Nimeicopy nimemtumia jamaa. Kasema anasoma.

Mlevi wa Historia:

Sawa mmewalilia vya kutosha. Na waliokuwa chini je? Hamburg Julai 1943, usiku mmoja moto ukageuka kimbunga, lami ikayeyuka watu wakanasa barabarani, jumla ya waliokufa wiki ile wanapita 30,000 na wengi ni raia, wazee, kina mama. Hao nao walijitolea lini? Mnasema tundu la sentimita 56, mwenye handaki la chini ya nyumba alikuwa na tundu gani? Sipendi hizi stori za ushujaa wa mtu anayedondosha moto kutoka mita elfu sita.

Askari Mstaafu Mwenyewe:

@Mlevi wa Historia mada ni utumishi wa jeshi na hatari ya ndege, fungua uzi wako tutakuja. Na hao waliochomwa serikali yao ndo ilianza kuchoma Warsaw, Rotterdam, London na Coventry.

Mlevi wa Historia:

Mzee mimi sijasema nani kaanza. Nimesema mlenga mabomu alikuwa anaona chini nyekundu tupu na alijua. Hilo nalo ni sehemu ya utumishi.

Binti wa Maktaba:

Mlevi ana pointi, tena hata Uingereza yenyewe hawakujua wawafanye nini. Vita ilivyoisha waziri mkuu kwenye hotuba yake ya ushindi akawapita kimya, hawakupewa medali yao ya kampeni, mnara mkubwa wa kumbukumbu London umekuja kuzinduliwa 2012, na kipande kidogo cha kubandika kwenye utepe wa medali kimetoka 2013. Wengi walishakufa kwa uzee. Yaani waliwatuma, wakatumia kazi yao, halafu wakaona aibu kuwatazama usoni. Unaweza kuwachukia waliotuma na bado ukakaa na swali la kijana wa miaka 20.

Na kwa waliokataa kabisa kubeba silaha, walikuwepo pia, watu kama 60,000 walijiandikisha kuwa dhamiri haiwaruhusu, wakapelekwa mbele ya mabaraza wakahojiwa. Mtaani waliitwa waoga. Sasa mamia ya hao waliojiita hawapigani waliomba kazi ya kutegua mabomu ya Wajerumani yaliyozama ardhini bila kulipuka. Anachimba shimo kwa koleo pembeni ya bomu. Huyo naye mwiteni mwoga.

Mjukuu wa Keya:

Nimesoma uzi mzima nimeona nichangie kwa upande wetu. Babu yangu alikuwa keya, wale wa King's African Rifles, alifika Burma. Ukimuuliza ulijitolea au ulichukuliwa alikuwa anacheka tu anasema "chifu alitaka vijana, mimi nilikuwa kijana". Basi na yeye kwenye makaratasi ni mtu aliyejitolea.

Kwa wanaosema bora ukae chini usipande ndege, kuna askari wetu hawakupigwa risasi hata moja lakini tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama ndani ya kama dakika mbili. Karibu watu 1,300 walikufa, sehemu kubwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa vyumba vya chini. Manowari zilizokuwa zinailinda zikarusha mabomu ya majini kuiwinda ile nyambizi huku watu wetu bado wanaelea. Babu alisafiri na meli nyingine. Alikuwa hapendi kabisa kulala chumba kisicho na dirisha mpaka anakufa.

Na weusi walikuwepo hata kwenye hizo ndege. Kabla ya vita sheria ya jeshi la anga la Uingereza ilikuwa lazima uwe wa asili ya Ulaya kuwa afisa, Oktoba 1939 wakailegeza maana watu wanahitajika. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa muongoza njia, alisharuka zaidi ya mara 20, Novemba 1943 wakatunguliwa, akamaliza vita akiwa mateka Ujerumani. Baadaye akawa mwanasheria mkubwa kwao. Huyo hakuna sheria yoyote iliyomlazimisha, hakuwa hata kwao.

Tairi Bovu:

Sasa mbona wakishapata uzoefu bado wanatunguliwa? Mtu wa mara 25 si anajua mbinu?

Mzee wa Hesabu:

Ndo walivyokuwa wanaambiwa, vumilieni misheni tano za kwanza, mkizoea mtapona. Huyohuyo Dyson akaichunguza hiyo kauli akakuta haina ukweli, kipindi kile mgeni na mzoefu wanakufa sawasawa. Sababu kubwa ilikuja kujulikana baadaye, ndege za Wajerumani za usiku zilifungwa bunduki zinazoelekea juu. Inakuja taratibu chini ya tumbo ambako Lancaster nyingi hazikuwa na dirisha wala bunduki, inasogea mpaka inaona injini, inapiga tanki la bawa. Wewe mkiani una macho kama mwewe lakini huoni kitu. Uzoefu wako utautumia wapi?

Tena kuna kituko kingine, waliwafungia kirada kidogo mkiani cha kuwatahadharisha adui akija nyuma. Julai 1944 rubani wa Kijerumani kapotea njia katua Uingereza na ndege yake mpya nzima nzima. Wataalamu kuifungua wakakuta ina chombo kinachofuata mawimbi ya kile kirada. Yaani kengele ya kumkimbiza mwizi ndo ilikuwa inamwonyesha mlango. Wakavitoa.

Fundi wa Hanga:

Umesahau waliokufa kabla hata hawajaiona Ujerumani. Zaidi ya elfu tano walikufa mafunzoni tu, ndege zimechoka, hali ya hewa mbaya, rubani ana masaa machache. Hao kwenye ubishi wa nani kala bata huwa hawaingii.

Shifti ya Usiku:

Wakuu nashukuru sana. Mrejesho: jamaa kasoma uzi wote, kakaa kimya nusu saa kwenye mapumziko kitu ambacho hajawahi. Kasema anafuta ile ya kazi ya ofisini yenye mabawa. Ila habadilishi kwamba shuka ni bora kuliko tope, anasema kama kufa ni kufa basi afe amelala vizuri. Halafu kasema yeye angekuwa 1942 angeomba nyambizi, huko hakuna mizinga ya kutungulia wala baridi ya arobaini chini ya sifuri.

Mzee wa Hesabu:

Mwambie kwenye nyambizi za Kijerumani walihudumu watu kama 40,000, karibu robo tatu hawakurudi. Na huko chini ya bahari hata tundu la kutokea mara nyingi halikusaidii.

Shifti ya Usiku:

Nimemwambia. Kasema basi na yeye mpishi.

Mjukuu wa Keya:

Mpishi wa kambini au wa melini?

Kichwa Ngumu:

Wa kambini jamani, mimi tangu mwanzo nilisema wa kambini.

Mjukuu wa Keya:

Hukusema.